BREKI YA NYUMA YA PIKIPIKI INAPOSHIKA

Pikipiki siku hizi imefika hata vijiji vilivyo mbali na barabara kuu. Humchukua mwalimu kwenda shuleni, mgonjwa kwenda zahanati, na gunia la mahindi kwenda sokoni. Lakini fundi hakufika kila mahali. Kwa hiyo yatupasa sisi tukaao mbali na fundi kujua habari za chombo hiki, na leo twataka kueleza ugonjwa mmoja tu, yaani breki ya nyuma kushika hali haikukanyagwa.

Mwalimu mmoja, jirani yetu, alikuwa akimpeleka mama yake zahanati. Asubuhi ile alikaza mnyororo uliokuwa umelegea, akaondoka. Baada ya kilomita chache pikipiki ikawa nzito. Yeye akazidisha moto. Mama akasema anasikia harufu ya kitu kinachoungua, naye akamjibu kuwa ni moshi wa mashamba. Walipofika mteremkoni akagusa breki kidogo tu, mara gurudumu la nyuma likasimama, pikipiki ikapepesuka, wakaanguka majanini. Mungu aliwanusuru. Sababu ya jambo lile tutaiona mbele.

NAMNA BREKI INAVYOFANYA KAZI

Twasema habari za breki ya ngoma, ambayo ndiyo iliyo katika gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi za mashamba. Breki ya sahani na mafuta ni jambo jingine. Katikati ya gurudumu mna duara la chuma lililo wazi ndani, nalo ndilo ngoma. Ndani yake mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo mafundi huviita shuu. Ukikanyaga pedeli, fito ya chuma huvuta mkono mdogo ulio kando ya gurudumu. Mkono huo huzungusha kijiti kiitwacho kemu, nacho huzitanua shuu zikasugua ngoma. Ukiondoa mguu, springi huzirudisha shuu mahali pake. Basi breki ikishika, maana yake kuna kitu kimoja katika safu hiyo kisichorudi.

KUTAFUTA KOSA

Usifungue kitu kabla hujajua kosa lilipo. Simamisha pikipiki juu ya stendi ya kati, weka gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono. Kisha fuata hatua hizi kwa taratibu:

1. Kanyaga pedeli kwa mkono, uiachie. Ikirudi polepole au isirudi, kosa li katika pedeli yenyewe: tope na kutu katika msumari wake, au springi yake imekatika. Isafishe, uitie grisi.

2. Pedeli ikirudi vizuri, fungua nati iliyo mwisho wa fito mpaka fito iwe legevu kabisa. Gurudumu likiwa jepesi sasa, kosa ni kukazwa mno, basi.

3. Gurudumu likiwa bado zito, sukuma ule mkono mdogo urudi nyuma. Ukirudi kwa nguvu za mkono wako na gurudumu likafunguka, kijiti cha kemu kimekauka kwa kutu na vumbi, au springi za shuu zimechoka.

4. Usipofunguka hata hivyo, kosa li ndani ya ngoma, au si la breki kabisa. Tazama kwanza kama mnyororo haukukazwa kupita kiasi, na kama beringi za gurudumu ni nzima.

Hapa ndipo twaona kosa la jirani yetu. Mtu akazapo mnyororo huvuta gurudumu nyuma. Gurudumu likirudi nyuma, ule mkono wa breki huenda nalo, lakini fito haikuongezeka urefu. Kwa hiyo fito huuvuta mkono, na breki hushika. Kila ukazapo mnyororo, hapana budi uilegeze nati ya breki na kuipima upya. Kwa pikipiki nyingi ncha ya pedeli hushuka milimita 20 hata 30 kabla breki haijaanza kushika; yaani kadiri ya upana wa kidole gumba au zaidi kidogo.

KUTENGENEZA NDANI

Gurudumu likiwa la moto, ngoja lipoe. Usilimwagie maji, maana chuma cha moto kikipata maji ghafla huweza kupinda au kupasuka. Fungua fito, kisha ule mkono mrefu unaozuia sahani ya breki isizunguke, kisha ekseli. Panga washa na vipande vyote chini kwa safu, ili virudi kama vilivyotoka.

Usipulize vumbi la ngoma kwa kinywa. Shuu nyingi za zamani zilitiwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji.

Tazama unene wa shuu. Zikibaki milimita 2 au chini yake, nunua mpya. Shuu zilizokwisha humfanya kemu azunguke mno, akakwama asirudi. Springi zikiwa zimenyooka au zina kutu nyingi, badili zote mbili pamoja.

Kabla ya kuutoa mkono mdogo, tia alama juu yake na juu ya kijiti, ili urudi katika meno yale yale. Toa kijiti, kisugue kwa msasa laini, kioshe kwa mafuta ya taa, kikaushe, ukipake grisi isiyoyeyuka upesi kwa moto. Paka kidogo tu. Grisi nyingi huyeyuka ikafika kwenye shuu, na hapo breki iliyokuwa ikishika mno haitashika kabisa.

KURUDISHA

Unaporudisha gurudumu, usimalize kukaza nati ya ekseli kwanza. Mwenzako akanyage breki, ili shuu zikae sawasawa katikati ya ngoma, ndipo ukaze. Kisha funga ule mkono mrefu wa kuzuia sahani, utie nati yake na pini yake. Tafadhali usilisahau jambo hili. Mkono huo usipofungwa, siku utakapokanyaga breki sahani nzima itazunguka pamoja na gurudumu, na fito itajikunja. Hapo huna breki tena, au gurudumu litajifunga katikati ya njia.

Mwisho zungusha gurudumu, pima pedeli, tazama kama taa ya nyuma huwaka ukikanyaga na huzimika ukiachia. Jaribu polepole penye tambarare, pasipo abiria. Baada ya mwendo mfupi usiotumia breki ya nyuma, karibisha mkono karibu na ngoma bila ya kuigusa. Ukisikia joto kali, bado hujamaliza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Uzito mdogo wa gurudumu na harufu ya kuungua ndizo nyufa za pikipiki. Ukisikia mojawapo, simama, hata kama una haraka, na hasa kama nyuma yako ameketi mama yako.