SOMO: MIKONO YETU WAKATI WA UGONJWA WA EBOLA



Masomo ya kusoma kabla ya kuanza: Isaya 38, 2 Wafalme 5:1-14, Hesabu 19:11-22, Mathayo 8:1-13.

Somo hili ni juu ya mikono. Katika kanisa letu mikono ina kazi kubwa. Kwa mikono tunasalimiana mlangoni. Kwa mikono wachungaji na waonaji wanawaombea wagonjwa. Kwa mikono wamama wanaosha maiti wa jamaa yao na kumvika vizuri kabla ya kumtia katika sanduku. Ugonjwa wa Ebola unapita katika njia hizo hizo tatu. Redio za dunia nzima zinautaja, lakini kwetu unaingia kwa mlango wa kilio na mlango wa chumba cha maombi. Kwa hiyo hatuwezi kuwaachia waganga peke yao kazi ya kusema juu yake.

Wengine watasema: sisi ni kanisa la unabii, tunajua kuombea wagonjwa tangu wazee wetu, kwa nini leo mtufundishe kuogopa? Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1918 homa kubwa iliyoua mamilioni ya watu duniani ilifika mpaka Kongo ya Chini. Ni nyakati hizo Simon Kimbangu alisikia mwito wa Mungu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1921, tarehe 6 mwezi wa 4, alianza kazi ya kuponya kwa kuwekea wagonjwa mikono, na watu wengi waliacha hospitali za misioni wakaenda Nkamba kwa miguu. Basi makanisa ya unabii ya nchi yetu yalianza kati ya watu waliojua tauni ya dunia ni nini, na ambao hakuna aliyewatunza. Hatuwezi kuionea haya imani hiyo. Lakini pia hatuwezi kuifanya iwe kisingizio.

Tazameni jinsi ugonjwa huu ulivyojulikana. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, jimbo la Equateur, watu walianza kufa kwa homa, kutapika, kuhara na kutoka damu. Hospitali ile ilikuwa na sindano chache, ambazo zilioshwa tu kwa maji na kutumiwa tena kwa mgonjwa mwingine. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa, pamoja na masista na waguzi. Mganga wa Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe, alifika pale kati ya wa kwanza, akapima wagonjwa na kutoa damu bila glavu, kwa sababu hakukuwa na glavu. Aliosha mikono yake kwa maji na sabuni, na Mungu akamlinda. Ugonjwa ukapewa jina la mto Ebola, ili kijiji cha Yambuku kisibebe aibu hiyo milele. Ilikuwa fikira nzuri.

Angalieni neno hili: kule Yambuku ugonjwa ulitawanyika kwanza kwa mikono ya watu waliotaka kuponya. Mwaka 1995, kule Kikwit, ikawa vilevile. Watu 315 waliugua, wakiwamo wafanyakazi wengi wa hospitali, na masista sita Waitalia wakafa kwa kutunza wagonjwa. Hawakuwa watu wabaya wala wenye imani ndogo. Upendo wao ndio uliowapeleka karibu.

Halafu ikawa zamu yetu ya mashariki. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, kuanzia Mangina, na ikaingia Beni, Butembo, Katwa, Mabalako na Ituri. Haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2019 mgonjwa wa kwanza alijulikana Goma. Alikuwa mtumishi wa Mungu aliyetoka Butembo, ambako alikuwa amehubiri katika makanisa na kuwagusa wagonjwa kwa maombi. Hatusemi haya kwa kumlaumu. Alifanya kazi ambayo kila mchungaji wetu anaifanya kila juma.

Siku tatu baadaye Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba Ebola ya Kongo ni dharura ya afya inayohusu mataifa. Wakati huo watu zaidi ya 1,600 walikuwa wamekwisha kufa. Wengi wetu tuliona uchungu: ilitoshaje kuwa hatari kwa dunia ilipofika tu mji wenye uwanja wa ndege na mpaka, na si ilipokuwa ikiwamaliza watu wa Mangina?

Uchungu mwingine ulikuwa mkubwa zaidi. Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku na wenye silaha kwa miaka mingi, na magari meupe hayakuja kwa wingi hivyo. Mwaka 2019 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto, na habari zake hazikusikika sana. Basi watu wakasema Ebola ni biashara, au ni uongo wa kisiasa. Wengine walichoma vituo vya matibabu kule Katwa na Butembo, na mwezi wa 4 mwaka 2019 mganga wa Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo akiwa kazini. Sisi tunasema hivi: swali la watu lilikuwa la haki, lakini jibu walilolichagua liliwaua ndugu zao. Mtu anaweza kuwa na haki ya kukasirika na bado mtoto wake akafa kwa sababu amefichwa nyumbani.

Sasa tuje kwa Neno. Naamani alipofika mlangoni kwa Elisha, alitazamia nabii atoke, asimame na kupunga mkono wake juu ya ukoma. Elisha hakutoka hata nje. Alituma mtu amwambie akaoge mtoni. Naamani akakasirika sana, kama wanavyokasirika waamini wetu mchungaji akiwaombea akiwa mbali. Lakini alipona. Katika Mathayo 8 Bwana Yesu anamgusa mwenye ukoma kwa mkono wake, na baada ya mistari michache anamponya mtumishi wa akida bila kufika nyumbani kwake. Sura moja, namna mbili, na uwezo ni ule ule. Tena Isaya, nabii mkubwa, alipompelekea Hezekia ujumbe kwamba ataishi, aliamuru pia waweke andazi la tini juu ya jipu lake. Hakuona aibu kutaja dawa na unabii katika siku moja. Mwonaji anayemwambia mgonjwa asiende hospitali, ajiulize kama yeye ni mkubwa kuliko Isaya.

Wafahamu wote jinsi ugonjwa unavyopita. Ebola haipiti kwa upepo. Inapita kwa damu, matapishi, kuhara, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na kwa nguo na kitanda chake. Mtu aliyeambukizwa anaweza kukaa siku 2 mpaka 21 kabla ya kuugua, na katika siku hizo haambukizi wengine. Akianza homa, anaambukiza. Akizidiwa, anaambukiza zaidi. Na akifa, mwili wake una hatari kupita siku zote. Ndiyo maana kuosha maiti kumeua jamaa nzima, watu wa lupango moja.

Hapo ndipo penye shida kubwa kwetu, nasi hatutaki kupapita haraka. Kwetu mtu asiyeoshwa hajazikwa, ametupwa. Mama mmoja wa parokia yetu alituambia kwamba mtoto wake alichukuliwa na watu ambao hakuona sura zao, waliovaa kama watu wa mwezini, na kwamba mpaka leo hana hakika ni nani aliyetiwa kaburini. Tulikaa naye muda mrefu, hatukuwa na jibu. Mwanzoni vikundi vya mazishi vilifanya kazi kwa haraka na bila kusema na wenye kilio, na kosa hilo lilizaa mawe na matusi. Baadaye walijifunza. Ililetwa mifuko yenye sehemu ya kuonea uso, ili jamaa wamtambue mtu wao. Kule Beni vilikuwapo vyumba vya matibabu vyenye kuta za plastiki safi, hata mke aliweza kukaa upande wa pili na kusema na mumewe. Jamaa waliweza kuchagua nguo, sanduku na mahali pa kaburi, na mchungaji aliweza kuomba akiwa mbali kidogo. Haya tuyadai. Si kukataa timu ya mazishi, bali kudai kwamba wenye kilio waone uso, wataje jina, na waimbe.

Hata Hesabu 19 haikukataza Waisraeli kuzika wafu wao. Ilisema aliyegusa maiti atakaa siku saba akiwa si safi, naye atajitakasa kwa maji siku ya tatu na ya saba. Chombo kilichoachwa wazi ndani ya hema ya mfu nacho kilihesabiwa si safi. Watu wa Musa hawakujua virusi, lakini walijua kuhesabu siku. Leo tunahesabu 21.

Tuseme pia juu ya tumaini, maana lipo. Kule Kikwit mwaka 1995, Profesa Muyembe na waganga wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Wataalamu walibishana sana juu ya sababu. Lakini baadaye damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilichunguzwa, na kutoka kwake ikapatikana dawa ambayo, pamoja na nyingine, ilijaribiwa Kivu na Ituri tangu mwisho wa 2018. Waliopewa dawa hizo mbili mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, karibu 9 kati ya 10 walipona. Na watu zaidi ya 300,000 walipata chanjo. Basi Mkongo aliyepona katika Bandundu aliwaokoa Wakongo wa Beni, ambao hakuwajua.

Waliopona wasitengwe katika kanisa. Kule Beni ndio waliowabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa, kwa kuwa wao waliweza kuwagusa. Neno moja kwa wababa: virusi vinaweza kubaki katika manii ya aliyepona kwa miezi mingi. Atumie kondomu mpaka vipimo viwili vioneshe hakuna virusi. Tunajua neno hili si la kawaida katika gazeti la kanisa, lakini Ebola ilirudi Butembo mwezi wa 2 mwaka 2021, na mwaka 2025 ikatokea Bulape, Kasai. Afadhali tuandike.

Ebola ikitangazwa katika eneo lenu, fanyeni hivi. Salamu ya mkono iachwe, tusalimiane kwa kuinama. Ndoo ya maji na sabuni, au maji ya klori, iwe mlangoni. Mwenye homa asilale katika chumba cha maombi hata usiku mmoja. Mchungaji amwombee kwa sauti akiwa hatua chache mbali, kisha aite kituo cha afya, na asimwache peke yake njiani. Nguo na godoro la mgonjwa visigawanywe kwa jamaa.

Vikundi vya maombi vizungumze juu ya swali hili katika juma lijalo: wamama wanaoosha maiti katika parokia yenu, kazi yao itakuwa nini siku hizo, ili wasibaki bila heshima yao? Majibu yaandikwe na kupewa katibu wa parokia kabla ya Jumapili.