Kamera ndogo ya kupigia ndege: Sony au Olympus?

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Mitundu. Nataka kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani, ya kupigia ndege na mara mojamoja harusi, kwa kujifurahisha tu. Nichukue Sony au Olympus?

Jibu: Mwalimu, anza kwa kuangalia lenzi. Mfumo wa Micro Four Thirds, ambao Olympus na Panasonic waliuanzisha mwaka 2008, una sensa ndogo, hivyo lenzi ya milimita 300 huvuta kama ya 600 kwenye kamera ya fremu kamili, na bado inaingia mkobani. Kwa ndege wa vichaka vya Itigi, Sony ya APS-C itakudai lenzi ndefu zaidi, tena nzito. Usiku ukumbini Sony inashinda: sensa yake kubwa hukusanya mwanga zaidi na picha haijai chembechembe. Ila ndege unao kila asubuhi, harusi sivyo. Ningechukua Olympus (siku hizi OM System). Hata lenzi za Panasonic zinaingia.

Nikon 1 na Canon EOS M ziache hata ukipunguziwa bei Kariakoo, kwani hazitengenezwi tena. Ukinunua iliyotumika, piga anga tupu kwa f/16: madoa yakionekana, sensa ina vumbi.