Maumivu Chini ya Kitovu: Si Kila Mara ni Chango

Leo tuzungumze jambo ambalo wengi huniuliza kwa kunong'ona.

Kabla mtaa wa Ghulail, kusini mwa Jeddah, haujabomolewa mwaka 2021 na 2022, nilikuwa nikiwatembelea kina mama wa kwetu pale. Ukilalamika maumivu chini ya kitovu, jibu lilikuwa moja: chango. Dawa zinachemshwa, na wengine wanajiosha ndani kwa shabu au Dettol. Mmoja alivumilia wiki tatu. Alipofika hospitali, mirija ya uzazi ilikwishajaa usaha.

Siwadharau bibi zetu, ila huu ni uvimbe wa kizazi na mirija yake. Vijidudu hupanda kutoka ukeni. Mara nyingi ni vya kisonono au klamidia, lakini huweza kuingia pia baada ya mimba kuharibika au kuwekewa kitanzi. Kujiosha ndani hakuvitoi, kunaharibu kinga ya uke tu.

Angalia haya: maumivu ya chini ya tumbo, uchafu wenye harufu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, damu kati ya hedhi, homa. Wengine hawapati homa kabisa, nao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, maana mirija hupata makovu kimya kimya. Baadaye mtoto hapatikani, au mimba inatunga nje ya kizazi.

Daktari atapima mimba kwanza, kisha atakukagua. Tiba ya kawaida ni sindano moja ya ceftriaxone, pamoja na vidonge vya doxycycline na metronidazole kwa siku 14. Mwenye mimba hutibiwa kwa dawa nyingine, tena hospitalini. Maumivu huanza kupungua siku ya tatu, na hapo ndipo wengi huacha vidonge. Usiache! Wala usiazime mabaki ya jirani kwa kuwa tangu 2018 maduka ya dawa Saudia yamebanwa yasiuze antibayotiki bila cheti cha daktari.

Mume naye atibiwe hata kama hana dalili, na msikutane mpaka wote mmalize dawa. Najua hapa ndipo ugomvi unapoanza. Mwambie klamidia hukaa mwilini miezi mingi bila dalili, kwa hiyo ugonjwa peke yake hauonyeshi nani alianza.

Ukiwa umechelewa hedhi na unaumwa upande mmoja, au unazimia, au una homa kali na kutapika, piga 997. Usingoje asubuhi.