KUKOSA USINGIZI SI JINI KILA MARA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Katika Sura An-Naba' Mwenyezi Mungu ametaja usingizi kuwa ni mapumziko aliyotupa. Anayeukosa usiku baada ya usiku amepungukiwa na neema kubwa, na Mtume (s.a.w.) ametuamuru tujitibu. Lakini wengi wetu tunapotea kwa mambo matatu.

La kwanza: kusema kila asiyelala ana jini au amelogwa. Kisomo cha Qurani ni haki, hatukikatazi. Lakini kisomo hakifungi mlango wa hospitali. Hapa kwetu Kongo kuna ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o. Mwenye malale husinzia mchana na kukesha usiku, tena tabia yake hubadilika hata jamaa wakasema ana wazimu. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa. Akipimwa mapema hutibika, na tangu 2018 imekubaliwa dawa ya vidonge, fexinidazole, inayomezwa siku 10. Mgonjwa huyu akifichwa kwa mfumu hadi afe, nani ataulizwa mbele ya Mungu?

La pili: kununua vidonge vya usingizi sokoni bila karatasi ya munganga. Valium na mfano wake huzoeza mwili. Kesho kidonge 1 hakitoshi. Aliyekwisha kuzoea asiache ghafula, anaweza kushikwa na kifafa. Apunguze kwa maagizo ya munganga. Na pombe? Ni haramu, tena usingizi wake hukatika usiku wa manane.

La tatu: kuona haya. Yuko mjane, yuko aliyeona vita. Akifumba macho anarudishwa kule kule. Kumwambia imani yake ni ndogo ni kumdhulumu. Huo ni ugonjwa, nao una matibabu.

Basi tufanye hivi. Amka saa ile ile kila siku, Alfajiri inatusaidia. Acha kahawa na chai toka alasiri. Usingizi usipokuja, usishindane nao kitandani: ondoka, leta dhikri, rudi ukisinzia. Ukikesha siku 3 au zaidi kila juma kwa mwezi mzima, nenda kituo cha afya. Mwenye homa za kwenda na kurudi, au vivimbe shingoni, asingoje mwezi. Aende leo, aombe kupimwa malale.

Jirani asiyelala tumwombee dua, kisha tumsindikize kwa munganga. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.