SOMO: KALENDA YA PICHA ZA BIASHARA

Kabla ya kuanza somo hili chukua daftari, kalamu na kalenda. Simu iache kwanza. Tutaifikia.

Leo tutajifunza namna ya kupanga matangazo ya kazi za mikono katika mitandao ya kijamii, yaani WhatsApp, Facebook na Instagram. Wengi wenu mnazo simu janja, au kijana wa nyumbani anayo. Kupiga picha mnajua, na kuituma mnajua. Lakini kutuma ni jambo moja na kupanga ni jambo jingine. Somo hili linawafaa wafinyanzi, wachongaji, washonaji na watia batiki. Sisi mfano wetu ni mikeka na miswala, kwa sababu hapo ndipo tulipoona hasara kwa macho yetu.

Katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga kipo kikundi cha akina mama wasukaji wa ukili. Walikuwa wanachama 14 na simu moja. Sisi wenyewe tuliwafundisha kupiga picha: mkeka utandikwe penye mwanga lakini si kwenye jua kali, kuku wafukuzwe, ndoo iondolewe. Walifurahi sana. Siku ile ile wakatuma picha 23. Jamaa wa mjini wakasifu. Baada ya hapo, wiki nyingi kimya. Picha zilikuwa zimekwisha.

Mwezi wa nne wakaikumbuka simu. Wakazituma upya picha zile zile za zamani. Mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam akaipenda mikeka, akaagiza 20, akatuma na arubuni. Alitaka mzigo katika wiki mbili. Akina mama wakakubali mara moja. Nani akatae pesa?

Kumbe ni masika! Miyaa iliyokatwa haikukauka. Chane zikaota ukungu. Siku ya kupeleka mzigo ilipofika, mikeka ilikuwa 6 tu. Mwenye duka akataka arubuni yake yote irudi, na ile pesa ilikwisha kununua rangi. Wanachama wakauza kuku. Mama mmoja akauza mahindi aliyoweka ya mbegu. Deni likalipwa, lakini wanachama wawili walijitoa katika kikundi, na mpaka leo hawajarudi.

Tulipokwenda kuwatembelea, bibi mmoja alituambia, "Walimu, mmetufundisha simu. Lakini simu haijui mvua." Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumefundisha picha, hatukufundisha kalenda. Somo hili ni deni letu kwa bibi yule.

Basi, tuanze na kazi yenyewe. Fungua daftari, andika swali hili: mnunuzi atahitaji kitu hiki lini? Halafu hesabu kurudi nyuma.

Tuchukue mswala. Watu wengi hutaka mswala mpya kabla ya Ramadhani. Ramadhani hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11 hivi. Mwaka 2023 ilianza katika wiki ya nne ya Machi, mwaka 2024 wiki ya pili, na mwaka 2025 siku za mwanzo kabisa za Machi. Anayetumia kalenda ya mwaka jana bila kuihesabu upya atachelewa.

Tuseme Ramadhani inatazamiwa katika wiki ya pili ya Februari, kama mwaka 2027. Mnunuzi anataka mswala uwe nyumbani kwake wiki moja kabla. Basi mzigo wa mwisho upande gari mwisho wa Januari. Sasa hesabu wasukaji. Ikiwa mama mmoja, pamoja na shamba na jiko, humaliza mswala mmoja kwa siku 6, basi kwa siku 24 atamaliza miswala 4. Wasukaji 10 watamaliza 40. Lakini usitangaze 40! Kuna homa, kuna misiba, kuna mtoto atakayeumwa. Toa 10. Tangaza 30. Zile 10 zikipatikana, zitauzwa tu.

Kusuka ni Januari. Kukausha je? Kuanzia Oktoba hadi Desemba kuna vuli. Maana yake miyaa ikatwe na kuanikwa Septemba, chane zifungwe na kuwekwa pakavu. Hapo ndipo simu inapoingia kwa mara ya kwanza. Piga picha Septemba hiyo hiyo, akina mama wakianika. Usiitume. Itunze. Mnunuzi wa Septemba hafikirii mswala, lakini wa Januari anafikiria, na wakati huo ataona kazi ilivyoanza mbali. Picha hupigwa msimu wa kazi, hutumwa msimu wa kununua.

Msimu wa kununua hauko mmoja. Januari mzazi ana sare na madaftari ya watoto kichwani, kwa hiyo pambo la ukutani lingoje. Mikeka ya harusi hutafutwa zaidi baada ya mavuno. Maonyesho ya Sabasaba hufanyika Dar es Salaam siku zinazozunguka tarehe 7 Julai, na Nanenane ni tarehe 8 Agosti. Kwa wanaouzia watalii, miezi ya Juni hadi Oktoba ina wageni wengi. Andikeni siku kama hizi katika daftari kwa kalamu nyekundu, mwaka mzima.

Baada ya mwaka, pangeni wiki. Wapo wanaosema lazima utume kitu kila siku. Sisi hatukubali. Mtu mwenye shamba hawezi, na bando nalo lina bei. Picha tatu kwa wiki zinatosha, mradi zisikatike. Kikundi kile sasa kinafanya hivi: Jumatatu wanaonyesha kazi, kwa mfano mikono inayosuka au chungu cha rangi. Jumatano wanaonyesha kitu kimoja tu kilichokwisha, pamoja na kipimo, bei na mahali kilipo. Ijumaa wanajibu swali ambalo wateja wameuliza mara nyingi, kama vile "Je, rangi inachuja?" Picha zote hupigwa siku moja, Jumamosi asubuhi. Jina la kila picha na siku yake ya kutumwa huandikwa katika daftari. Ikitumwa, hutiwa alama. Kitu kikiuzwa, huandikwa IMEUZWA, ili mtu asije akauziwa mkeka ambao haupo.

Sasa shika simu. Kila mtandao una tabia yake. Statasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na huonwa na watu ambao ninyi mmehifadhi namba zao na wao wamehifadhi yenu. Kwa hiyo kila mteja mpya mwambieni, "Tuhifadhi katika simu yako." Ipo pia WhatsApp ya biashara, nayo ni ya bure. Ina katalogi ambapo picha na bei hukaa bila kufutika. Unaweza pia kuweka jibu la kujituma lenyewe wakati mko shambani: "Tumepokea ujumbe wako, tutajibu jioni." Jibu hilo ni dogo, lakini mteja wa mjini asipojibiwa huhama.

Ukurasa wa biashara wa Facebook unakubali kupangiwa. Unaandika tangazo leo, unachagua tarehe na saa, nalo linatoka lenyewe siku ile hata kama simu yako imezima. Hii inawafaa sana watu wa vijiji ambako mtandao hupatikana juu ya kilima tu. Panda kilima mara moja kwa wiki, panga matangazo matatu, shuka ukalime. Lakini kumbuka kwamba tangazo lililopangwa haliulizi habari. Ukipatwa na msiba au mvua kubwa, rudi ukalisogeze mbele, ama sivyo litaita wateja wakati hakuna wa kuwahudumia.

Watu wanaojua kuendesha ukurasa wasiwe mmoja. Wawe wawili, wote wa kuaminika. Tumeona kikundi kingine kikikaa kimya mwezi mzima kwa sababu katibu aliolewa mbali na neno la siri akaenda nalo. Na mteja akisema ametuma pesa, msiamini ujumbe anaowaonyesha. Angalieni salio kwanza, mzigo baadaye.

Yule mwenye duka wa Dar es Salaam hakurudi. Lakini msimu uliofuata akina mama walitangaza miswala 30, wakaandika wazi, "Mwisho wa kuagiza ni tarehe 20 Januari." Maombi ya tarehe 23 waliyakataa. Mweka hazina alituambia kwamba kukataa kulimuuma sana. Miswala 30 yote iliondoka kwa wakati, na arubuni haikurudishwa hata moja.

ZOEZI

1. Wafinyanzi 8 hutengeneza vyungu 5 kila mmoja kwa wiki. Kwa wiki 3 watapata vyungu vingapi? Ikiwa 20 vitapasuka katika kuchoma, watangaze vingapi?

2. Kwa nini akina mama wale walipata hasara mwezi wa nne? Jibu kwa sentensi mbili.

3. Taja kazi moja ya mikono ya kijijini kwenu. Ni mwezi gani kazi hiyo haiwezekani? Ni mwezi gani wanunuzi huitaka zaidi?

4. Chora katika daftari safu nne: siku, picha, maneno, alama. Jaza wiki mbili za kikundi chako, kisha mzisome kwa sauti katika mkutano. Mwanachama akisema siku fulani haiwezekani, mwulizeni sababu, mkaiandike pembeni.