Furu katika Tangi la Lita 400

Msomaji wa Nsambya, Kampala, amenunua tangi la lita 400. Anauliza: furu, samaki wa Ziwa Victoria ambao Waganda huwaita nkejje, wakae na nani?

Kwanza meza. Maji peke yake yana kilo 400, kabla ya kioo na mawe. Meza ya runinga haifai.

Dume la furu hushika pango lake na kumtimua kila apitaye, mapezi yametanuka. Dawa yake ni mawe mengi, na majike yawe mengi kuliko madume. Jirani mzuri ni gogogo, mwenyeji wa Ziwa Victoria hilohilo, anayetoka usiku. Sangara, aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950 akawafyeka furu, asitiwe hata akiwa kidagaa.

Maji ya bomba ya Kampala mengi hutoka ziwani, Ggaba, ila yametiwa klorini: yakae kwenye ndoo wazi siku nzima.