Dunia Yetu Ina Mkia

Ndugu wasomaji, msicheke. Dunia yetu ina mkia kweli, ila macho yetu hayauoni.

Tuanze na dira ya mabaharia. Sindano yake huelekea kaskazini. Inavutwa na nini? Inavutwa na dunia yenyewe, maana dunia ni sumaku kubwa. Nguvu za sumaku hiyo zinafika mbali sana angani.

Jua nalo halitupi mwanga na joto tu. Mchana na usiku linarusha chembe ndogo mno zenye umeme. Wataalamu wanaziita upepo wa jua. Huu si upepo wa kutikisa migomba. Unakwenda kilometa 400 hivi kwa sekunde moja, na hutufikia baada ya siku 4 hivi.

Upepo huo ukikutana na sumaku ya dunia, inakuwaje? Tazameni jiwe kubwa mtoni. Maji hugawanyika, hupita kandokando, na nyuma ya jiwe huonekana alama ndefu. Basi, upande wa mchana sumaku yetu inabanwa. Upande wa usiku inavutwa na kuwa mkia mrefu unaopita hata mwezi, ulio umbali wa kilometa 384,000. Mwezi unapokuwa mpevu, hupita ndani ya mkia huo kwa siku chache.

Mkia huu ni kama mpira wa manati. Upepo wa jua unauvuta, unauvuta, mwisho unafyatuka. Hapo chembe hurushwa kurudi duniani. Ndipo watu wa nchi za kaskazini, kama Norwei na Kanada, huona anga la usiku likiwaka rangi ya kijani na nyekundu.

Lakini kuna hasara pia. Tarehe 13 Machi 1989, wingu kubwa la chembe kutoka kwenye jua liliitikisa sumaku ya dunia. Katika jimbo la Quebec, Kanada, umeme usiotakiwa uliingia katika nyaya kubwa. Mitambo ikajizima. Watu kama milioni 6 walikaa gizani saa 9 hivi.

Je, tuogope? Hapana. Sumaku hiyo ndiyo ngao yetu, hugeuza sehemu kubwa ya upepo huo upite kando. Na siku hizi vyombo vilivyoko angani huupima kabla haujafika, ili wenye mitambo wajiandae. Anayejua mvua inakuja huanua mtama wake mapema.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini mkia wa dunia uko upande wa usiku?
2. Sumaku ya dunia inatusaidiaje?